Simba, Jina Yake Bwana

Mchapishaji wa Lyon, Ufaransa, aliyempa simba wa kitabu cha picha cha Zembla jina la Bwana hakujua amewapa watoto wa Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, kazi gani. "Bwana ananguruma." "Bwana analala chini ya muti." "Bwana anakamata mwizi na meno." Kila mara yaya, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, alipofika hapo akitusomea tuliangua kicheko, maana kwetu Bwana alikuwa Mungu wa kanisani, au mume wa mtu, au mkubwa wa kazi kule kwenye shaba. Na kama hiyo haikutosha, mtoto anayemfuata Zembla porini aliitwa Yéyé. Jaribu wewe kusimulia kwa Kiswahili habari za mtu anayeitwa Yeye. "Njo Yeye alimuambia Bwana akimbie." Yeye nani? Yeye Yeye! Jioni nzima inaweza kuishia hapo.

Zembla kilikuwa kitabu cha picha kilichoanza kutoka Ufaransa mwaka 1963. Kidogo, sentimita 13 kwa 18, karatasi duni, wino mweusi mtupu ndani na rangi kwenye jalada tu. Kilitolewa na Éditions Lug, nyumba iliyoanzishwa Lyon mwaka 1950 na Marcel Navarro na Auguste Vistel. Navarro alitunga, Mwitaliano Franco Oneta alichora. Zembla ni nduguye Tarzan, wala hafichi: amelelewa na simba, ana nywele ndefu nyeusi, amevaa ngozi, anaulinda msitu wa Karunda ambao hauko kwenye ramani yoyote. Anatembea na simba Bwana, paka-mwitu Satanas, mtoto Yéyé, kangaruu Pétoulet, na Rasmus, mfanya mazingaombwe mwenye kofia ndefu nyeusi ya kizungu. Kangaruu anatafuta nini Afrika? Msiniulize mimi.

Wenzangu wa rika langu, tukikutana msibani au harusini, huvikumbuka vitabu hivi kama kitu cha Wafaransa tulichoazima. Sikubaliani nao. Zembla tuliyempenda hakutoka Lyon. Alitungwa hapa Lubumbashi, kwa Kiswahili chetu, na watu waliokuwa wakiwasomea wengine kwa sauti, na ndiyo maana leo hapatikani kokote, ingawa yule wa Lyon bado anauzwa.

Kwanza tumtazame huyo wa Lyon, tumtendee haki. Ufaransa ilipitisha sheria tarehe 16 Julai 1949 ya kusimamia machapisho ya watoto, ikaweka na tume ya kuyakagua. Gazeti la Tarzan lilishambuliwa sana na walezi wa maadili, likasimama mwaka 1952. Wachapishaji wa vitabu vidogo walielewa. Picha zilizotoka Italia zilikuwa zikirekebishwa kabla ya kuchapwa: bastola inafutwa mkononi, nguo ya mwanamke inarefushwa, damu inaondolewa. Nikimsoma Zembla leo namwona Tarzan aliyeogeshwa na sabuni ya tume ile. Hawezi kuua ovyo, hawezi kupenda sana. Sasa mtunzi afanye nini na kurasa zaidi ya 100? Anajaza vichekesho. Kwa maoni yangu huo msafara wa kangaruu na mfanya mazingaombwe ulizaliwa kwenye pengo hilo, na ndio uliotufaa sisi. Shujaa mwenyewe, tuseme ukweli, ni gogo.

Lug yenyewe inakumbukwa Ufaransa kwa jambo jingine kabisa. Mwaka 1969 ilianza kuwatoa mashujaa wa Marvel katika gazeti la Fantask, tume ikalia, likafa baada ya matoleo 7. Januari 1970 likaja Strange, na hilo ndilo linalofanya wazee wa Ufaransa watokwe machozi. Zembla amebaki kwenye maboksi ya chini.

Kamalondo hakukuwa na boksi la chini. Kulikuwa na mzee mmoja aliyetandika ubao karibu na soko, akafunga kamba kati ya miti miwili, akaning'iniza vitabu kwa vibanio vya nguo kama mashati ya watoto. Kusoma palepale umekaa juu ya tofali kulikuwa na bei yake, kuondoka nacho hadi kesho bei nyingine, na ukimrudishia kimepungua ukurasa anakujua, anajua na baba yako. Akiba yake haikuongezeka. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yanapewa wananchi. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanza kuporomoka. 1975 reli ya Benguela ikafungwa kwa vita vya Angola. Katika mji unaohangaika kupata chumvi na dawa, nani ataagiza Zembla mpya? Kwa hiyo vilevile vilivyokuwepo vikazunguka miaka kumi, kumi na mitano, kutoka Kamalondo kwenda Katuba, kutoka Katuba kwenda Kenya (komini yetu, si nchi), vikirudi vimeshonwa kwa uzi wa gunia.

Kitabu kinapozeeka hivyo kina utaratibu wake wa kufa. Jalada hutangulia, na rangi zote zinaondoka nalo. Hufuata kurasa za mbele, zenye maelezo ya nani ni nani. Mwisho huondoka kurasa za mwisho. Kinachobaki ni katikati ya hadithi isiyo na kichwa wala mkia, na msomaji asipokuwa na akili ya kuvifanya viwili hivyo mwenyewe, watoto wanamwacha wanakwenda kucheza mpira.

Yaya wangu alikuwa na akili hiyo. Alikuwa sekondari, Kifaransa chake kilikuwa cha kutosha, chetu hakikuwepo. Anakaa juu ya kidumu, sisi chini, na pembeni mama anachambua sombe, majani ya muhogo, huku akijifanya hasikilizi.

"Bon. Zembla anakuya. Anaangalia huku, anaangalia huku. Haone muntu."

"Bwana iko wapi?"

"Bwana iko nyuma ya muti, ananyamaza tu."

"Na ule kalulu mukubwa?"

Kalulu mukubwa ni Pétoulet. Kati yetu hakuna aliyewahi kuona kangaruu, lakini kila mtu alikuwa na kalulu wa hadithi za bibi, yule sungura mjanja anayewashinda fisi na tembo, na mnyama anayeruka akiwa na masikio marefu angekuwa nani mwingine? Basi yaya akampa Pétoulet ujanja wote wa kalulu, ambao Navarro hakumpa. Siku moja mdogo wetu aliuliza, "Juu ya nini Bwana hakule ule kalulu?" Yaya akajibu bila kufikiri: "Juu beko bandugu." Kwa sababu ni ndugu. Mama alicheka, akasahau kwamba hasikilizi.

Rasmus alikuwa mufumu wa bazungu, yaani mganga wa Wazungu. Hapo nadhani tafsiri ilizidi asili kwa mbali. Katika Kifaransa Rasmus ni mtu wa jukwaani aliyepotea msituni, anatoa njiwa kwenye kofia, watu wa porini wanashangaa, na msomaji wa Lyon anawacheka kwa kushangaa kwao. Yaya aliugeuza mzaha huo uelekee upande wa pili. Mufumu wake alikuwa na hila za kizungu tu, dawa hana, na wazee wa kijiji wanamtazama kwa huruma wanamwacha amalize. Picha ni ileile. Mstari wa Kifaransa ulio kwenye puto unasema "Uchawi!" Yaya anasoma: "Muache kwanza, atachoka."

Hakuwa Zembla peke yake. Ubaoni kulikuwa na Blek, mwindaji wa ngozi mwenye kofia ya manyoya, anayepigana na askari wa Uingereza katika makoloni ya Marekani pamoja na kijana Roddy na Profesa Occultis mwenye tumbo. Blek alizaliwa Italia mwaka 1954, kazi ya vijana watatu wa Torino waliotia sahihi moja, EsseGesse: Giovanni Sinchetto, Dario Guzzon na Pietro Sartoris. Lug ilimleta Ufaransa ndani ya gazeti lake la Kiwi mwaka 1955, na Waitaliano walipochoka Wafaransa wakaendelea kumchora wenyewe, hadi mikono kama ya Jean-Yves Mitton. Kwa nini mtoto wa Katanga amshangilie mwindaji wa Marekani dhidi ya mfalme wa Uingereza? Mtaani kwetu hakushangilia hivyo. Askari wa koti jekundu, ambao kwenye karatasi yetu hawakuwa wekundu bali weupe kwa weusi, waliitwa ba-ONU. "Ba-ONU banakuya!" na mjomba aliyekuwa kijana mwaka 1961, Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo na risasi za kikosi cha Umoja wa Mataifa zikipita juu ya Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, anasogeza kiti chake karibu. Alikuwa na hesabu zake na watu wale. Blek alimlipia kiasi.

Sisemi hiyo ni siasa nzuri. Kulikuwa na nyumba nyingine, nyua mbili tu kutoka kwetu, zilizoikumbuka miaka ile kwa namna tofauti kabisa, na huko nina hakika ba-ONU hawakuwa upande wa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa: kitabu kimoja, nyua tatu, Blek watatu.

Sasa linganisha na nchi nyingine zilizompenda mwindaji huyu. Yugoslavia alikuwa Veliki Blek, akauzwa kwa wingi kwenye vibanda vya magazeti kwa Kiserbia. Uturuki alikuwa Çelik Blek, na jina la gazeti lake, Teksas, likawa neno la kutajia vitabu vya aina hiyo. Watoto wa Belgrade na Istanbul walimsoma kwa lugha ya mama zao, na leo wazee wao wanaweza kuyafungua matoleo yale na kuonyesha kwa kidole: hapa, neno hili, ndilo tulilokuwa tukiambiana shuleni. Sisi nasi tulikuwa na toleo letu. Lilikuwa kinywani mwa yaya.

Hapa Kinshasa wangenikatiza. Wao walichapa. Mwaka 1968 Achille Ngoye na Freddy Mulongo walianzisha Jeunes pour Jeunes, gazeti la picha lenye akina Apolosa na Sinatra, na lugha yake ilikuwa ya mtaani: Kifaransa kimevunjwa, Lingala, na Hindubill, ile simo ya vijana waliojiita mabilli. Wakati wa siasa ya uhalisi ya Mobutu jina likageuzwa kuwa Kake, yaani radi. Ngoye baadaye alikwenda Paris, na mwaka 1996 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Série Noire, ile safu maarufu ya riwaya za upelelezi. Baada yake miaka ya 1990 Kinshasa ikampata Papa Mfumu'Eto, aliyekuwa akichora, akichapa na kuuza mwenyewe vijitabu vya Kilingala vilivyojaa majoka na wachawi. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alifika hadi kwa wachapishaji wakubwa wa Ulaya. Nawaheshimu. Mtu wa Kinshasa akitaka kujua wazee wake walicheka nini, maktaba ipo, hata kama ya Mfumu'Eto iko Florida, Marekani.

Kabla yao serikali ya kikoloni ilikuwa na Mbumbulu wake katika Nos Images, familia ya mfano mwema inayofundisha watu namna ya kuishi kistaarabu. Huyo tumwache apumzike.

Kwa nini basi Lubumbashi, mji wenye shule, mitambo na pesa za shaba, haukuchapa Apolosa wake wa Kiswahili? Jibu la haraka ni kwamba mashine na wachapishaji walikaa makao makuu. Ni kweli, lakini halinitoshi. Nadhani kuna mazoea ya zamani zaidi: hapa maandishi yalikuwa ya Kifaransa na maelezo yalikuwa ya Kiswahili, na watu hawakuona kasoro. Hata ile historia ya mji iliyoandikwa mwaka 1965 kwa ajili ya watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha maboi wenyewe, kichwa chake juu kimeandikwa Kifaransa.

Shahidi wangu mkubwa ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa hapa 1947, akawa mchoraji wa zile picha zilizokuwa zikiuzwa mlango kwa mlango na kutundikwa sebuleni, juu ya magunia ya unga yaliyopakwa rangi. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya Zaire, picha takriban 100, moja baada ya nyingine, tangu mababu hadi Lumumba na hadi mambo yajayo. Ukizipanga kwa mfuatano ni nini hizo kama si kitabu cha picha? Fremu, mstari wa maneno ndani ya fremu, mashujaa wanaorudi, wabaya wanaorudi. Mistari iliyopakwa juu ya turubai ni ya Kifaransa, tena Kifaransa chenye makosa ya kupendeza. Lakini alipokaa na Fabian kuzieleza, alizieleza kwa Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, kwa saa nyingi, na humo ndimo hadithi ilimo. Mstari wa turubai unataja mtu na tarehe. Kiswahili kinasema nani alimsaliti, nani alilia, na yeye Tshibumba mwenyewe anaonaje.

Ni kazi ya yaya ileile, kwa heshima kubwa zaidi. Tofauti ni kwamba mezani kwa Tshibumba kulikuwa na kinasa sauti. Kanda zikaandikwa, kitabu kikatoka 1996, picha ziko Wereldmuseum, Amsterdam, zamani Tropenmuseum. Mchoraji mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hakuonekana tena, ila maneno yake ninaweza kuyasoma leo, na kikohozi chake karibu nikisikie. Wale mamia ya yaya wa Kamalondo na Katuba hakuna aliyewawekea kaseti. Nani angewawekea? Kaseti zilikuwa za muziki.

Kuna swali ambalo vijana hunitupia, na wana haki: hatukuona aibu kumshangilia mtawala wa msitu wa Afrika aliyebuniwa Ulaya, huku Yéyé amechorwa wa kuchekesha? Tintin au Congo, hadithi ya picha ya Mbelgiji Hergé ambayo kila mtu anaigombania, ilichapwa tena mwaka 1969 na gazeti la Kinshasa lenyewe, kwa hiyo tusijifanye kwamba wasomaji wa hapa walikuwa na moyo mmoja kuhusu picha hizi. Kuhusu Zembla naweza kushuhudia ya ua wetu tu. Jalada lilikuwa limeng'oka. Kwenye wino mweusi na karatasi iliyogeuka rangi ya chai, yaya alituambia Zembla ni mulata, chotara, baba yake fundi wa reli, mama yake mtu wa Bukama, na tukaamini. Na Yeye kwetu ndiye alikuwa mkubwa wa hadithi. Kila kitendo kilikuwa chake, kwa sababu ya sarufi. "Yeye alifungua mulango." Anayesema Kiswahili hawezi kumfanya Yeye kuwa mtu mdogo. Picha ilimwonyesha mtoto wa kutumwa, sentensi ikampa kazi zote. Sidai kwamba hilo liliisafisha picha. Baadhi yake niliiona kwa macho ya mtu mzima na haikunifurahisha hata kidogo.

Sanduku kubwa la vitabu hivi mtaani kwetu lilikuwa la familia moja ya Kasai. Baba yao alikuwa mfanyakazi wa shaba, mwanaye wa kwanza alikuwa darasa moja na yaya, na wawili hao walikuwa wakibadilishana: wewe nipe Blek, mimi nakupa Akim. Ilipofika 1992 na 1993, miaka ambayo Wakasai walifukuzwa Katanga, watu wakilala stesheni wiki kwa wiki wakingoja gari moshi, wao nao waliondoka. Sanduku waliliacha kwetu. Treni haina nafasi ya Zembla. Mama aliliweka chini ya kitanda na akakataza mtu yeyote kulifungua, kwa kuwa si mali yetu. Mchwa hawakukatazwa. Tulipolitoa miaka mitatu baadaye, lilikuwa jepesi sana, na ndani kulikuwa na udongo mwekundu uliokaa kwa umbo la vitabu.

Nimechelewa kulisema hili, lakini mwaka jana nilipata Zembla nzima. Mfanyabiashara wa vitabu vikuukuu, chini kule upande wa Posta, alikuwa nayo moja, ina jalada, ina kurasa zote, bei yake sitaitaja kwa sababu mke wangu anasoma safu hii. Nikakaa nayo nyumbani, mlango nimefunga. Niliimaliza chini ya saa moja. Bwana ananguruma mara mbili. Rasmus ana ukurasa mmoja na nusu. Kalulu mukubwa hana ujanja wowote, anaruka tu. Ukurasa wa mwisho, ambao utotoni hatukuwahi kuwa nao, upo: wabaya wamefungwa kamba, msitu umetulia, basi.

Jioni nikampigia yaya, siku hizi anaishi Likasi, magoti yanamsumbua. Nikamwambia nimepata mwisho wa ile ya watu waliomwiba Yeye. Nikamsomea.

"Hapana," akasema. "Haikwisha vile."

"Yaya, nakuambia kitabu niko nacho mkononi."

"Wee sikia kwanza. Bwana alikuwa nyuma ya muti, si njo vile? Ananyamaza tu..."

Akaendelea hadi inite zikamwishia. Nikampigia mimi.